Mwaka Tuliomrudisha Babu Nyuma

Kosa langu lilikuwa la kijinga, na kwa kuwa nililifanya mbele ya mtaa mzima sina sababu ya kulificha: nilipeleka utani wa gemu msibani. Utani wenyewe ulikuwa haki yangu. Bi Zaituni alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, akaolewa Tabora, akazeekea Tabora, na mimi ni Mnyamwezi. Tangu enzi za wabeba mizigo Mnyamwezi na Mzaramo hawazikani kimyakimya. Mtani akifa unakwenda kumkejeli mpaka wafiwa wacheke, na usipokwenda watasema ulikuwa unamchukia. Basi nikajifunga kanga yake kiunoni, nikakalia kigoda pale uani, na jeneza lilipoinuliwa nikaanza kumwigiza alivyokuwa akikaa mbele ya televisheni, kidole hewani, sauti ya puani: "Mrudisheni mzee nyuma. Nimesema mzee arudi nyuma, mnataka afe tena?" Katika ua ule wote mtu ambaye angeelewa alikuwa mmoja tu, mwanawe Sefu, na Sefu wakati huo alikuwa anatazama simu. Wengine wote waligeuka kumtazama mzee aliyeshika jeneza upande wa mbele, mweka hazina wa msikiti, mtu wa heshima zake, mwenye goti bovu. Mzee wa watu akamwachia mwenzake nafasi, akarudi nyuma ya umati akichechemea, na hakuna aliyecheka. Mpaka leo nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba kama mtu anayetema mchanga aliokutana nao kwenye wali.

Sefu hakunilaumu. Ingekuwa afadhali anilaumu. Alikuja jioni, watu walipokwisha kula na kuanza kusahau walichojia, amevaa kanzu yenye mikunjo ya sanduku la safari, akaniuliza kama ile mashine ya gemu bado iko kwangu. Nikamwambia iko, niliichukua kuitengeneza mama alipoanza kuumwa. Akasema, "Basi nitapita kuichukua kabla sijarudi Dar. Ni ya mama, unajua." Alisema kama mtu anayefuata mwavuli aliousahau. Nikamwambia karibu. Karibu ni neno jepesi, halimgharimu mtu kitu. Kazi iko kwenye kutoa. Nilikwenda nyumbani kwangu Itetemia nikakaa na ile mashine siku zote za hitima, nikijitafutia sababu ya kumnyima, na sababu zote nilizozipata zilitoka katika mwaka mmoja. Ndio nitakaousimulia hapa. Kwangu nina watu wangu, lakini siwaingizi humu. Wao wenyewe walikwisha kusema hawataki kuhusishwa na hiyo takataka.

Na ni takataka kweli, sitaki kudanganya. Ni kisanduku cha kijivu kilichogeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku. Kifuniko chake kinashikwa na kipande cha mpira wa baiskeli. Ukikiweka kama watengenezaji walivyokusudia hakisomi. Lazima ukipindue, tumbo juu, mgongo chini, ndipo sidii inapoanza kuzunguka kwa sauti ya mtu anayesafisha koo. Mimi ni fundi wa redio, pasi na simu, kibaraza ndicho ofisi yangu, na vijana wanaoleta simu zao zilizopasuka vioo huchungulia ndani na kuniona na padi ya kuchezea mkononi. "Anko, hiyo gemu au mashine ya kusaga?" Kwenye simu zao kuna gemu ambazo jasho linaonekana kwenye shavu la mtu, na damu inaruka mpaka unatamani kujifuta, lakini kuna mshale mkubwa juu ya kioo unaowaonyesha pa kwenda, kama wanavyoelekezwa mbuzi mnadani. Wanaua jeshi zima kabla chai haijapoa, halafu wanalalamika wamechoka. Katika gemu yangu nyuso ni matofali manne yaliyopakwa rangi, muziki ni kengele ya mlangoni, na ukitaka kufika mji wa pili unatembea. Unatembea kweli. Hakuna anayekuambia uende wapi, na kama yupo anakuambia kwa Kijapani.

Kwa maana sidii ilikuwa ya Kijapani. Binamu mmoja wa Sefu aliileta kutoka Dar pamoja na mashine, vyote mitumba, na hakuna Tabora nzima aliyejua kilichoandikwa. Tulijifunza kwa kubonyeza na kujuta. Watu wenyewe walikuwa wanne: kijana mwenye upanga, mwanamke mwenye dawa, pandikizi la mtu lenye shoka, na mzee mwenye fimbo na ndevu zinazofika magotini. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine, mstari mmoja, porini, jangwani, kwenye theluji, wa mbele akikata kona na wa nyuma wanakata kona ileile. Siku ya kwanza Bi Zaituni alipopita na sinia la mchele akauona ule mstari, akasimama. Akasema, "Hawa si wapagazi hawa? Hamisi, njoo uwaone babu zako." Tangu hapo gemu haikuwa na jina lingine ila Msafara. Mji huu ulijengwa na watu waliotembea kutoka huku mpaka pwani na pembe za ndovu za wenzao mabegani, na sisi wajukuu zao tukakaa kitako kwenye kochi tukiwatembeza wengine kwa kidole gumba. Ndiyo maendeleo hayo.

Mwaka wenyewe ni ule tuliomaliza kidato cha nne. Matokeo yalipobandikwa, Sefu alipata alama za kumtosha mtu mwenye mjomba bandarini, na mimi nilipata alama ambazo mwalimu wa taaluma alizitazama, akazitazama tena, akasema angalau jina nimeliandika sawasawa. Mjomba wa Sefu alikuwa na ofisi ya kutoa mizigo bandarini Dar, na alisema kijana aje. Bi Zaituni alifurahi akakaanga sambusa za mtaa mzima. Mimi nilikula nyingi kuliko wote huku nikihesabu hasara: Sefu akiondoka, mashine inaondoka, mashine ikiondoka, mimi nabaki na nini? Na Sefu naye hakuwa na haraka hata kidogo. Alikuwa mwoga wa Dar, ingawa leo ukimsikia anavyoitamka Dar utadhani aliichimba yeye ile bandari. Mama yake alipomuuliza anaondoka lini akamjibu kwa ule ujanja wake wa kidato cha nne: ameanza safari na mwenzake, na mtu mwungwana hauachi msafara njiani. Bi Zaituni alikuwa mtu wa kuheshimu kauli. Ukimpa methali mbovu aliitii, kwa sababu ni methali. Akasema, "Haya. Mmalize hiyo safari yenu, halafu uende."

Sebule yake ya mtaa wa Ng'ambo naweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Sakafu nyekundu iliyosuguliwa nta mpaka mgeni anateleza, makochi yenye vitambaa vya kufuma ambavyo ukikaa vinakufuata mgongoni ukiondoka, na televisheni iliyofunikwa shela kama bibi harusi, na kuifunua kulihitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Dirisha moja lilitazama uani, ambako ndiko maneno yote ya nyumba ile yalikopikwa pamoja na chakula. Nazi zilimfikia kwa treni kutoka kwa ndugu zake, zimefungwa kwenye gunia, na siku hizo nyumba nzima ilinukia wali na yeye mwenyewe alitembea kama amepanda cheo. Siku nyingine zote tulikula ugali na mlenda, uyoga wakati wa mvua, na michembe niliyoileta mimi, vile viazi vitamu tunavyovikata na kuvianika mpaka viwe kama gome la mti. Alivitazama kwa dharau isiyo na kifani. "Mnyamwezi, mbuzi wenu wanakula nini, kama nyinyi mnakula hivi?" Namwambia shikamoo mama, kwanza kula ndipo utukane. Anaitikia marahaba, anakula, anatukana, anaomba vingine.

Safari haikwenda. Hapo ndipo ujinga wetu ulipoonekana, na ulikuwa ujinga wa malezi mema. Ndani ya gemu kulikuwa na ukurasa wa kupanga nani atangulie na nani afuate, na tulipougundua tulibishana dakika chache tu. Sisi ni watoto tuliofundishwa kwamba mlangoni mzee hupita kwanza, maji ya kunawa huanza kwa mzee, na mazungumzo hayafunguliwi na mtoto. Tukamweka Babu mbele. Sehemu kubwa ya mwaka ilipita hatujagundua kwamba anayetangulia ndiye anayepigwa. Babu alikuwa na uchawi mkubwa na damu kidogo. Kofi moja la popo, chini. Nyoka, chini. Uyoga wenye macho, na naona aibu kuliandika hili, chini. Yule mwanamke mwenye dawa alikuwa hafanyi kazi nyingine ila kumfufua. Tulikuwa tunasafiri na maiti tunayoiamsha kila kona ili ipate heshima ya kufa tena mbele yetu. Na kulikuwa na daraja la mawe lenye joka, ambalo bila kulivuka huendi kokote, na mbele ya joka lile Babu hakupata hata nafasi ya kuinua fimbo.

Siku moja tumekaa kwenye kochi tukimsubiri Babu azinduke, tukamsikia Bi Zaituni uani akimlalamikia mwanamke mwenzake aliyekuja kuomba moto. Alisema mwanawe hataki kuondoka, anasema yuko safarini, na safari gani hiyo ya mtu kukaa mpaka kochi limeshika umbo la makalio yake. Mwenzake akamshauri aiuze mashine, akisingizia wezi. Tukasikia mwiko wa Bi Zaituni ukigonga sufuria. "Nikiiuza atasema nilimkatiza njiani, na miaka yote atanisimanga. Waache wafike. Nitawasimamia mwenyewe." Kesho yake akaingia sebuleni na kigoda chake na ungo wa karanga, akakaa mbele kabisa, karibu na kioo kuliko sisi, akasema endesheni. Ndivyo alivyoanza.

Alisimamia kama nyapara. Alitaka kujua kila mtu anakwenda wapi na ana dawa ngapi. Alilipenda lile pandikizi lenye shoka, akaliita mkwe wangu. Mwanamke mwenye dawa alimshuku, kwa sababu anavaa nguo fupi kwenye theluji. Babu alimhurumia, lakini hata yeye hakuwaza kumtoa mbele. Alichofanya ni kutulaumu. Aliniuliza mara moja kama huyo mzee ana watoto. Nikasema sijui. Akasema, "Wangekuwepo, wasingemkabidhi kwenu." Na muda wote huo mikono yake ilikuwa kwenye karanga. Msafara ukitembea nyikani polepole, alimenya polepole. Joka likitokea, dole gumba lake lilibana maganda kwa kasi ya vita, yakiruka mpaka miguuni kwetu, na tukishindwa ungo ulikuwa umejaa. Tulikula karanga mwaka ule mpaka tukawa na chunusi.

Halafu mjomba akapiga simu. Nafasi ya ofisini ingemsubiri Sefu mpaka wiki moja baada ya Idi, na baada ya hapo angepewa kijana mwingine. Mfungo ulikuwa karibu kuingia. Bi Zaituni alikuja akiwa bado na vumbi miguuni kutoka nyumba ya jirani mwenye simu, akasimama kati yetu na televisheni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akamwambia mwanawe kwamba kama anataka kuoza, aoze. Akanionyesha kwa kidevu. "Utaoza hapa kama huyu." Sikukasirika. Nilikuwa na tonge mdomoni, na tonge lenyewe lilikuwa lake. Lakini Sefu alikasirika, si kwa ajili yangu, msidhani. Alikasirika kwa sababu ni kweli. Hakumjibu mama, kwani mama hajibiwi. Akaangalia mtu wa kumjibu badala yake, na aliyekuwepo ni Babu. Akafungua ule ukurasa wa kupanga, akamshika mzee wa watu, akamtupa mwisho wa mstari, nyuma ya shoka, nyuma ya nguo fupi, nyuma ya wote. "Kaa huko, kizee. Umetuchelewesha mwaka mzima." Mimi nikaguna. Bi Zaituni akasema astaghfirullahi. Sefu akaupeleka msafara moja kwa moja darajani, kwa ghadhabu, apigwe yaishe.

Hatukupigwa. Pandikizi lilipokea makofi yote ya joka kwa kifua kama mtu anayepokea wageni, na kule nyuma, ambako hakuna aliyemfikia, Babu kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamaliza kuinua fimbo. Kioo kikawa cheupe. Joka likaanguka. Daraja likawa wazi, limetulia, kama lilikuwa wazi siku zote na ni sisi tu tuliokuwa wajinga. Bi Zaituni akakaa chini, si kwenye kigoda bali sakafuni, akasema, "Kumbe." Neno hilo moja. Kwa maana sasa kila mtu chumbani alijua hesabu ilivyokaa: wakivuka daraja watafika, na wakifika Sefu anaondoka.

Na mimi, kijana mwenye alama zile nilizozieleza, nikageuka shehe. Nikaanza kumhutubia mwenye nyumba kuhusu heshima. Nikasema kushinda si kila kitu. Nikasema babu zetu hawakuwahi kumweka mzee nyuma kama mzigo, jambo ambalo sikuwa na habari nalo kabisa, na kwamba mfungo unaingia, na tutamwambia nini Mungu tukiuanza kwa kumdharau mwenye mvi. Nilitoa pendekezo kwamba Babu arudishwe mbele na tutafute njia nyingine. Bi Zaituni alinisikiliza mpaka mwisho, adabu ambayo sikuistahili. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Hamisi. Mwaka mzima mzee anakufa mbele, hukusema kitu. Leo amepona ndio unamwonea huruma?" Sefu alicheka mpaka padi ikamtoka mkononi. Nikacheka na mimi, maana mtani akikupiga unacheka, lakini neno lile lilinifika mfupani.

Baada ya hapo walikwenda kama maji. Kila niliposhika padi mimi, Bi Zaituni alihakikisha kwanza mzee yuko nyuma; alikuwa haniamini tena. Tulimaliza katikati ya mfungo, alasiri, tumefunga, midomo imekauka, harufu ya futari inatutesa kutoka uani. Vita vya mwisho vilikuwa kwenye mnara, dhidi ya jitu moja. Bi Zaituni hakuwa na karanga za kumenya kwa sababu ya saumu, asingejiamini nazo, kwa hiyo alishika tasbihi. Lile jitu lilipoanguka, kukawa na muziki wa kengele, na wale wanne wakaanza kutembea kwenye majani mabichi, mstari mmoja, hawafukuzwi na mtu, na maandishi ya Kijapani yakapanda juu ya kioo taratibu. Akamuuliza Sefu imeandikwa nini. Sefu, ambaye Kijapani alikijua kama nilivyokijua mimi, akasema imeandikwa wamefika salama. Akauliza, na mzee? Sefu akasema mzee pia, jina lake lile pale. Akaonyesha alama yoyote. Mama akatikisa kichwa, akainuka kwenda kugeuza chapati.

Sefu aliondoka kwa treni baada ya Idi, na mama yake hakwenda stesheni. Alisema ameshamsindikiza vya kutosha. Nilirudi kutoka stesheni nikapita kwake kuaga na mimi, maana nilidhani mlango ule umefungwa kwangu, na nikamkuta amekwisha kuifunua televisheni. Mashine Sefu aliiacha. Dar, alisema, atanunua mpya. Kigoda kilikuwa mahali pake, ungo umejaa. Akasema, "Kaa. Waanzishe upya." Nikakaa, kwa kweli, miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Si kila siku, lakini baada ya kazi, baada ya kuoa, baada ya kuhamia Itetemia, nilipanda baiskeli nikaenda Ng'ambo kuwatembeza wale wanne huku mama mmoja ananitukana. Waliofika salama niliwarudisha mwanzo nikawafikisha tena. Watu walidhani namsaidia. Kichekesho. Nilikuwa nakula.

Basi Sefu alikuja kuchukua mashine siku ya kuondoka kwake. Alikuja na teksi, akaiacha inangoja nje injini inaunguruma, ili nijue hakuja kukaa. Jirani yangu Mama Kulwa alikuwepo kibarazani anasubiri pasi yake, mama wa Nzega anayefuga ng'ombe wake nyuma ya nyumba na asiyekuwa na subira na binadamu yeyote. Sefu alimwamkia vizuri, akaitikiwa nusu. Nikawasha mashine, ili aone inavyopinduliwa, nikisema moyoni akishaona matatizo yake ataiacha. Wale wanne wakatokea, mstari mmoja, Babu nyuma. Sefu alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alisema watoto wake wana mashine ambayo ukiishika inatetemeka mkononi, na hii ataiweka kabatini, kwenye kioo, kama ukumbusho. Kabatini. Nikamwambia vitu vya makabatini anunue dukani.

Tukaanza hapo. Nilimwambia mashine ni ya aliyekaa nayo. Akasema ni mali ya marehemu na yeye ndiye mtoto. Nikamuuliza mama yake alimjulia wapi, kwenye simu? Nikamwambia mimi ndiye niliyekaa kwenye sebule ile, mimi ndiye niliyezila zile karanga alizozimenya miaka yote, wakati yeye anatoa mizigo ya Wachina. Nilisema kwa dharau yote niliyokuwa nimeiweka akiba, na nilijua ni nyingi, lakini sikujua ni nyingi kiasi kile. Sefu hakupandisha sauti. Aliketi kwenye stuli ya wateja, na kanzu yake ikashika vumbi.

"Kila Ijumaa nilikuwa nampigia," akasema. "Kila Ijumaa ananiambia mmefika wapi. Mmevuka mto, mmelala mjini, Hamisi amekosea njia tena. Nikimuuliza mama unaumwa, ananiambia Babu hajambo. Miaka yote hiyo sijazungumza na mama kitu kingine."

Kwenye kioo wale wanne walikuwa wamesimama wakitusubiri. Teksi ikapiga honi. Nilimwona Sefu anaitazama padi, na mimi nikaitazama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuishika wala wa kwanza kuiacha.

Mama Kulwa alikuwa amesikiliza mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu pasi yake nilikuwa bado sijaigusa. Akatuuliza kama huyo marehemu alikuwa mchezaji mzuri. Sefu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Sefu. Nikasema hapana, yeye alikuwa anasimamia tu. Alikuwa hachezi. Akauliza, hata siku moja? Tukafikiri, wote wawili, kwa bidii, kama tulivyopaswa kufikiri kwenye mtihani. Sefu akasema hakumbuki. Mimi nikasema mikono yake ilikuwa na karanga.

Mama Kulwa akainuka, akajifunga kanga vizuri, akachukua pasi yake mbovu kama ilivyo.

"Kwa hiyo mama wa watu amekaa hapo mpaka amekufa," akasema, "anawamenyea karanga na kuwaelekeza njia, na hakuna hata mmoja wenu aliyemwambia, mama, shika na wewe ucheze. Halafu mnagombana nani alikuwa anampenda."